Mjumbe Mwenye Pengo

Shangazi yangu Luciana hamwamini mtu. Hata kuku akitaga mapema anamwangalia kwa jicho la pembeni. Ukimletea sukari, atakukorogea chai wewe kwanza, unywe, akutazame usoni, ndo na yeye ajimiminie. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimekulia mkononi mwake, na hiyo chai naionja mpaka leo.

Tunakaa Ilongero, upande wa kushukia mashamba ya alizeti. Yeye ndo mjumbe wetu. Jogoo kaibwa, mpaka umelimwa, mtu na mkewe wamepasuana, wote wanaishia uani kwake. Ni mjane, hajawahi kuzaa. Baba yangu ndo alikuwa ndugu yake wa mwisho, naye tulimzika pembeni ya shamba, jirani na ndugu zao wengine. Meno ya mbele juu ana pengo, alipigwa teke na ndama enzi za usichana. Akikasirika haongei, ulimi tu unachungulia pale kwenye pengo. Ukiuona huo ulimi omba msamaha hata kama hujui umekosa nini.

Naeleza habari zake kwa sababu watu wa huku wanazieleza vibaya. Wanasema Luciana alimteka daktari. Uongo. Hakumteka. Na aliyetaka kumpiga sio yeye, ni mimi.

Chanzo ni ng'ombe. Shangazi alikuwa amebakiwa na mmoja tu, mtamba anaitwa Kidani, mwekundu, shingoni ana duara jeupe kama kavishwa shanga. Hajazaa bado. Wengine wote walikwenda na ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Ng'ombe anavimba matezi chini ya sikio, anachemka homa, mwisho anavuta pumzi kama mtu aliyekabwa, povu linatoka puani, basi.

Mama yake Kidani alipougua hivyohivyo, alikuja jamaa na pikipiki na begi la dawa. Mdomo mtamu huyo! "Mama, namwapia Mungu, sindano moja tu, kesho anakula majani." Kesho yake alikula udongo. Jamaa alishaondoka jioni ileile. Ile chupa tukampelekea Martha, afisa mifugo wetu, ambaye watu wanamwita bwana mifugo hivyohivyo na sketi yake. Martha akainusa, akasema hapa naona maji na rangi, lakini siwezi kuapa. Shangazi akaichukua chupa yake akaiweka dirishani. Ipo mpaka leo. Na toka siku hiyo akaweka sheria: anayeleta dawa kwake haondoki mpaka ng'ombe asimame au aanguke.

Sasa Kidani naye akavimba matezi. Martha akamdunga sindano ya kawaida, homa ikashuka, tukashangilia, halafu ikapanda tena. Martha akasema, "Mama, dawa hii siku hizi inanishinda kwa baadhi ya ng'ombe. Kuna watu wa chuo wanafanya utafiti wa dawa mpya. Niwaite?"

Shangazi akasema, "Waje niwaone sura."

Mimi ni bodaboda, kwa hiyo nikatumwa mjini Singida kumchukua huyo mtu wa chuo. Anaitwa Clement, huyo ndo wanayemwita daktari. Kijana tu, kanizidi kidogo, miwani, kiboksi cha barafu kakikumbatia utadhani mtoto mchanga. Njiani tairi likaanza kupungua upepo, nikasimama nipige pampu. Yeye akaenda nyuma ya jiwe kubwa kupokea simu. Alidhani simsikii. Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu.

Nikamsikia hivi: "Ndiyo profesa, ndo naelekea. Tageti ni yuleyule mjumbe. Ndiyo, wa ule ukoo mkubwa. Si ana lile pengo mdomoni? Tunapita hapohapo, tunamziba. Akishazibwa mdomo hapeleki neno tena, kazi imeisha." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Hapana, huku hakuna atakayeumia. Huku hana ndugu. Ndugu zake wote wako kwenye alizeti."

Nilibaki na pampu mkononi. Mjumbe. Wa ukoo mkubwa. Ana pengo. Na ndugu zake wako kwenye alizeti, baba yangu mmojawapo, kaburi lake nalipalilia mwenyewe! Nikawaka. Hana ndugu? Na mimi ni nini, mbwa?

Nilitaka nimshushie ile pampu ya kichwa. Kilichonizuia ni akili ya barabarani: bodaboda akimpiga mtu wa miwani porini, hakuna atakayeuliza kisa. Nikampakia kimyakimya. Akauliza, "Vipi kaka, mbona umenuna?" Nikamjibu, "Vumbi."

Kufika Ilongero nikamtua kwa mama ntilie, nikamwambia subiri hapa, nasikilizia kama wenyeji wapo. Nikaenda kijiweni kwa Stefano, jirani yetu, mwenye shamba la alizeti linalopakana na zizi la shangazi. Nikamweleza yote.

Stefano akacheka. "Kumziba mdomo? Si ndo rushwa hiyo! Aje anizibe na mimi, nina mdomo mkubwa kuliko wa shangazi yako."

"Sitanii, Stefano. Wanataka kummaliza."

"Wammalize wapate nini, lile pengo?"

"Ardhi! Mama mjane, hana mtoto. Wakimtoa mjumbe, nani atajua mpaka uko wapi?"

Hapo Stefano akaacha kucheka. Shamba lake na letu mpaka wake anaujua shangazi peke yake.

Nikakimbia nyumbani. Shangazi alikuwa zizini, kamwekea Kidani kitambaa cha maji kichwani kama mgonjwa wa watu. Nikamwaga habari. Hakushtuka.

"Kasema nina pengo?"

"Kasema."

"Na sina ndugu?"

"Kasema hivyo, shangazi."

Ulimi ukachungulia. "Mlete."

"Nimlete? Si tumfukuze?"

"Nyoka ukimfukuza hujui atalala wapi. Mlete akae hapa mbele yangu nimwone."

Nikamleta. Martha naye alikuwa ameshafika. Clement akainama, akasema, "Shikamoo mama." Shangazi akaitikia, "Marahaba. Kaa. Kunywa chai." Yule bwana akanywa, sisi wote tunamwangalia koo linavyopanda na kushuka. Hakufa. Shangazi akajimiminia.

"Mtu wa wapi?"

"Misigiri, mama. Iramba."

"Mnyiramba. Mama yako anajua upo hapa?"

"Hapana, mama."

"Haya." Akaweka kikombe chini. "Mjumbe ni mimi. Ukoo wetu ni mkubwa, ndiyo. Ndugu zangu wako kwenye alizeti, pale, unaona yale mawe? Na pengo ni hili." Akapanua mdomo, akamsogelea kabisa. "Ziba."

Clement aligeuka rangi. Akanitazama mimi, akamtazama Martha. Martha alikuwa kaelewa. Chai ilimtokea puani, akaanguka kwenye kigoda anacheka huku analia. Mimi nikasimama, nikakunja ngumi, kwa sababu sikuona kinachochekesha.

"Kefa, kaa," Martha akasema. "Kaa, nakuomba. Clement, umewaeleza vipi hawa? Unatembea unatangaza unaua wajumbe?"

Yule bwana akaanza kujieleza, jasho linamtoka. Na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa, mwenye la kurekebisha akarekebishe kwake.

Alisema mwili wa kiumbe chochote umejengwa kwa vyumba vidogovidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Ndani ya seli kuna vitu vinaitwa protini, na baadhi kazi yao ni kupeleka neno tu. Kikitokea kitu nje, protini moja inamgusa mwenzake, yule anamgusa mwingine, mpaka neno linafika: jikunje, gawanyika, ingia. Hao wapeleka neno, wao huko chuoni kwa Kiswahili wanawaita wajumbe.

"Kwa nini mjumbe?" shangazi akauliza. "Mmekosa jina lingine?"

"Tulikosa, mama. Nisamehe."

Kidudu cha ndigana nacho, pamoja na udogo wake, kina wajumbe wake. Na yupo mmoja anayesubiri kalsiamu, ile ya kwenye maziwa na mifupa. Kalsiamu ikijaa ndani ya seli anaamka, anapeleka neno: ingia, zaliana. Huyo ndo wanayemtaka. Cha ajabu ni kwamba kwa mwili wa ng'ombe mjumbe wa ukoo ule hayupo. Kwa mtu hayupo. Ndugu zake utawakuta kwenye mimea. Kwenye mtama wapo, kwenye uwele wapo, kwenye alizeti wapo, ndo wanaoambia mmea kuna ukame, kuna mbuzi anakutafuna.

Nikashindwa kuvumilia. "Yaani kidudu cha kupe na alizeti ni ndugu? Unatuona mafala?"

"Kaka, sikulaumu. Undugu wa zamani sana, kabla hata hakujawa na ng'ombe wala mtu. Wengine wanasema mababu wa kidudu walimeza mwani, ule wa kijani majini, wakarithi kwake. Wengine wanabisha. Mpaka sasa tunagombana."

"Kwa hiyo hamjui," nikasema.

"Lote hatujui."

Shangazi alikuwa anakwaruza ardhi kwa kijiti. Yeye maisha yake yote kasuluhisha koo. Akasema polepole, "Babu mmoja. Watoto wakatawanyika. Huyu kahamia kwa alizeti akawa mpole, yule kahamia kwa kupe akawa jambazi."

"Hivyohivyo, mama. Kila mmoja na kazi aliyoikuta huko. Na kwa kukaa mbali muda mrefu, sura zikabadilika. Huyu jambazi ana pengo mdomoni ambalo wajumbe wa koo nyingine, walio ndani ya ng'ombe, hawana. Dawa yetu imechongwa ikae kwenye pengo. Kwa wajumbe wa ng'ombe haikai, inateleza."

"Na hawa wa alizeti? Dawa ikimwagika shambani kwangu itawaziba na wao?"

Clement akavua miwani, akaifuta. "Kwa tulivyowapima, pengo la hivyo hawana. Ila sijaimwaga shambani, mama. Siwezi kukuapia."

Shangazi akageuka akaitazama ile chupa dirishani. Ulimi ukachungulia.

"Ng'ombe wangu akifa?"

"Anaweza kufa, mama."

"Umesema?"

"Anaweza kufa. Tumeshajaribu kwa ndama wengine. Wapo waliopona, wapo ambao haikuwasaidia. Ndo maana inaitwa majaribio."

Mimi pale nikaona kajimaliza. Nani anakuja kuuza kitu anakwambia kibovu? Nikaanza kusogeza kigoda nimtoe nje. Lakini shangazi ulimi ukarudi ndani. Akasema, "Yule wa chupa aliapa kwa Mungu." Akanyanyuka, akajipangusa kanga. "Mdunge."

Clement akamdunga Kidani, akachukua damu kidogo kwenye vichupa, akavitia kwenye kiboksi cha barafu. Shangazi akauliza damu inaenda wapi, akaambiwa maabara. Akauliza inarudi lini, akaambiwa hairudi. Akaguna. Clement alipoanza kufunga begi, shangazi akaninyooshea mkono.

"Kefa, ufunguo wa pikipiki."

"Shangazi, mimi nimefanya nini? Hiyo ndo ugali wangu!"

"Lete."

Akauingiza kifuani. "Baba, wewe huondoki. Aliyeleta dawa analala hapa."

"Mama, nina kazi chuoni, profesa wangu…"

"Profesa naye aje, nafasi ipo."

Ndo hiyo wanayoita kuteka. Mtu alipewa chumba cha magunia, akapewa ugali wa uwele na mlenda, akapewa maji ya moto ya kuoga. Mateka gani anaogeshwa?

Ila mimi sikuwa nimemwamini. Hayo ya alizeti niliyaona hadithi tamu, na hadithi tamu ndo zilimuua mama yake Kidani. Nikawa namfuata kila anapokwenda. Akienda chooni nasimama nje. Akimpima Kidani homa nachungulia kile kipimo, ingawa sikijui kinasomwaje. Asubuhi moja nikamkuta kainama sikioni mwa Kidani, ananong'ona.

"Unamwambia nini huyo?"

Akashtuka. "Namwomba asife."

"Kumbe na wewe dawa yako huiamini."

"Kazi yangu ndo hiyo, kaka. Kutoiamini mpaka inilazimishe."

Nikaona kafanana na mtu fulani ninayemjua.

Halafu Kidani akazidiwa. Akalala chini mchana kweupe, pumzi zinakoroma, povu jeupe likaanza puani. Stefano akaja anakimbia. "Mnangoja nini? Chomeni matezi kama walivyofanya wazee! Chuma kiko wapi?" Hiyo kwetu ipo. Unapasha chuma mpaka kiwe chekundu, unamchoma ng'ombe pale palipovimba. Wengine wanapona, ndo hivyo tunavyosema. Mimi nikachukua nondo nikaisokomeza kwenye moto.

Clement akaja akasimama katikati yangu na Kidani.

"Usimchome."

"Toka hapo."

"Ukimchoma, akipona hatutajua kilichomponya. Akifa hatutajua kilichomuua."

"Mimi nataka ng'ombe! Sitaki kujua! Kujua tutakukamua maziwa?"

"Mwache basi mwenye ng'ombe aseme."

Nikanyanyua ile nondo, ncha inawaka. Martha hayupo, Stefano ananishangilia, "Mwanaume! Mwanaume!" Nakwambia ukweli, yule bwana angepata alama siku ile.

"Kefa."

Shangazi alikuwa kakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, kichwa cha Kidani kakipakata. Hakupaza sauti.

"Mama yake alikufa, sikujua kama aliuawa na ugonjwa au na chupa. Mpaka leo nalala nayo. Kwamba labda ningemwachia Martha tu. Labda ningemchoma. Labda nilimlipa mtu aje aniulie." Akamfuta Kidani povu kwa kanga yake. "Wewe unataka ng'ombe. Mimi huyu nataka nimjue. Weka chini hiyo nondo."

Nikaitupa. Niliitupa kwa hasira ikaunguza majani ya paa la banda la kuku, tukaanza kumwaga maji wote, Clement na miwani yake akiwemo. Stefano akaondoka anasonya. "Mjumbe wenu kashazibwa mdomo kweli," akasema. "Anakalishwa kwenye mavi na Mnyiramba."

Jioni Clement akamdunga tena. Tukakaa. Shangazi hakutoka pale zizini, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Homa haikushuka. Kulipokucha ikashuka kidogo. Mimi sikushangilia, nilishashangilia mara ya kwanza nikaaibika. Clement naye hakushangilia. Alipima, akaandika, akapima tena kama anakitilia shaka kipimo chenyewe. Povu likakata. Halafu Kidani akanyanyua kichwa, akamramba shangazi usoni, ulimi ule mkavu kama msasa. Shangazi akasema, "Ananionja tu huyu. Msifurahi."

Matezi yakaanza kunywea. Martha akaja, akayapapasa, akaimba wimbo wa kanisani. Shangazi akamkatisha, akamgeukia Clement. "Ni dawa yako?"

Clement akakuna kichwa. "Nadhani. Lakini mama, ng'ombe mmoja sio jibu. Inawezekana ile sindano ya Martha ilichelewa tu kufanya kazi. Inawezekana damu yake mwenyewe ilipigana. Nikupe jibu nikiwa na ng'ombe wengi."

"Kwa hiyo na wewe hujajua."

"Nimejua kidogo kuliko nilivyokuja."

Shangazi akatoa ufunguo kifuani, akanirushia. Halafu akamnyooshea Clement mkono. "Ile chupa yako tupu niachie."

Akampa. Akaenda kuiweka dirishani, ubavuni kwa ile ya zamani, pakabaki upenyo mdogo katikati. Nikamuuliza za nini zote mbili. Akasema, "Kesi yao haijaisha."

Wakati Clement anafunga kiboksi chake, tukasikia kelele upande wa shambani. Kamba ya Kidani imekatika, zizi tupu. Tukatoka mbio. Stefano anakuja amekamata mti wa alizeti uliovunjika, kichwa chake kimetafunwa nusu, nyuma yake Kidani kasimama katikati ya shamba, mdomo wa njano, anatafuna kwa raha zake kama mke wa tajiri.

"Mjumbe!" Stefano anapayuka. "Mjumbe, nimekuja kushtaki! Shamba langu limeliwa!"

Shangazi akashika kiuno. "Limeliwa na ng'ombe wa nani?"

"Si huyu wako!"

Shangazi akamtazama Kidani kwa muda mrefu, duara jeupe linang'aa kati ya zile njano. Macho yakamjaa maji. Akamgeukia Stefano, akatabasamu pengo lote likaonekana.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mjumbe kazibwa mdomo."